Sindano za seli shina kwa figo zilizofika hatua ya 4 kati ya 5 za ugonjwa sugu

Pole kwa kuuguza. Umeuliza kama sindano za seli shina zitafufua figo za baba. Hapana, na tafadhali usizilipie. Seli shina (seli changa zinazoweza kuwa seli za aina nyingine) zinazojenga nefroni, yaani vichujio vidogo vya figo, huisha karibu wiki ya 36 ya mimba. Baada ya hapo nefroni mpya haziundwi. Seli zinazobaki na uwezo wa kukarabati ni za mirija ya figo, ambazo hugawanyika na kuziba jeraha, ndiyo maana figo iliyoumia ghafla huweza kupona. Palipokwisha kuwa kovu, seli hizo haziwezi kitu. Tiba ya sindano za seli shina bado ni ya majaribio, na jaribio halali kwa kawaida halimtozi mgonjwa. Dhibitini presha, pimeni kreatinini (taka ya damu inayoonyesha kazi ya figo) na albumini (protini) ya mkojo, aache dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Kuhusu dayalisisi (kusafisha damu) au upandikizaji wa figo, zungumzeni na daktari wa figo sasa, kabla hajazidiwa.