Kabla ya Kushangilia Nyongeza, Tazama Mshahara wa Msingi

Nilipakia mizigo ya ndege pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kwa miaka 11, na minne kati ya hiyo nilikuwa mwakilishi wa wenzangu katika chama cha wafanyakazi. Mara ya kwanza kuketi na mwajiri nilikosea, na kosa lile linaniuma hadi leo. Ndilo linalonifanya niwaandikie ninyi mnaojiandaa kujadili CBA, yaani mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri.

Tulidai nyongeza ya asilimia 10. Mpakiaji wa daraja letu alikuwa na mshahara wa msingi wa shilingi 32,000, kwa hiyo tulitaka 3,200. Kampuni ikasema asilimia hiyo haiiwezi, ila itatupa 4,000 kila mwezi, marupurupu ya usafiri. Tulitia sahihi jioni ileile, na zamu ya usiku ikatupokea kwa vigelegele.

Miezi mitano baadaye mzee mmoja wa kikosi chetu akastaafu baada ya miaka 20 kazini. Alinifuata nje, karibu na ndege iliyokuwa ikipakiwa, akatandaza karatasi ya malipo yake juu ya toroli na kuikandamiza kwa kiganja isipeperushwe na upepo. "Mwanangu, ile nyongeza iko wapi hapa?" Haikuwepo. Kiinua mgongo chetu kilikuwa nusu ya mshahara wa msingi wa mwezi kwa kila mwaka wa kazi, na msingi haukuwa umesogea hata senti. Alipata 320,000. Tungeng'ang'ania ile asilimia 10, angepata 352,000. Alikuwa amefaidi 800 za ziada kwa miezi mitano, yaani 4,000, akapoteza 32,000. Nilikosa la kumwambia.

Ovataimu nayo hupigiwa hesabu kwenye msingi. Nyongeza ya mkataba ujao vilevile. Marupurupu hukaa palepale yalipowekwa.

Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 5, 2022, mojawapo ya madai yao makubwa ilikuwa kurejeshwa kwa michango ya mwajiri kwenye mfuko wao wa akiba ya uzeeni. Wengi waliwalaumu, na walirudi kazini siku nne baadaye kwa amri ya mahakama. Mimi niliwaelewa. Walikuwa wanatetea pesa isiyoonekana mwisho wa mwezi, ile ambayo mzee wetu aliitafuta kwenye karatasi.

Basi ingieni mezani na hesabu zenu wenyewe. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamtaka mwajiri akipe chama taarifa zote muhimu kwa mazungumzo, kwa hiyo akisema hana pesa, mwombeni takwimu kwa maandishi. Na msikimbilie mgomo: mzozo upite kwanza kwa mpatanishi, ukishindikana ndipo mtoe notisi ya siku saba, la sivyo mtakuwa mmejitoa wenyewe kwenye ulinzi wa sheria.

Jambo moja zaidi, ambalo wengi hulisahau kwa furaha ya kutia sahihi. Mkataba haumfungi mwajiri kisheria hadi usajiliwe na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hakikisheni tarehe ya kuanza kwa nyongeza imeandikwa humo waziwazi, ili usajili ukichelewa mlipwe malimbikizo yenu. Kisha mfuateni katibu wa tawi, wiki baada ya wiki, mpaka awaonyeshe nambari ya usajili.