Lita Moja Inapopotea Ziwani: Kwa Wanaoanza Kuandika Programu za Vipimo

Ndugu mnaoanza kazi ya kuandika programu za vipimo, ningependa kuanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa lilinigharimu siku mbili za jua kali juu ya gati, na tangu hapo sijaandika namba ya desimali bila kwanza kujiuliza ninaiandikia mashine gani. Tulikuwa tumefunga kihisi cha kupima usawa wa maji ya Ziwa Tanganyika karibu na mji wa Kigoma, kikiendeshwa na ubao mdogo wa kielektroniki uitwao Arduino Uno, na kila baada ya sekunde 30 kiliandika kwenye kadi ya kumbukumbu saa na usawa wa maji. Sehemu ya hesabu niliijaribu kwanza nyumbani kwenye kompyuta mpakato, ikaenda vizuri kabisa. Tulipoifungua kadi gatini, tulikuta vipimo vinne mfululizo vyenye saa ileile, kisha saa ikaruka sekunde 128, vikafuata vinne vingine, mara mojamoja vitano, kisha ikaruka tena 128.

Tulibadilisha betri. Tukabadilisha kifaa cha saa. Kijana mmoja niliyekuwa naye alishauri kwamba huenda joto la bati la kibanda ndilo lililoichanganya saa, nami nikakubali, jambo ninaloliona aibu hadi leo, maana jibu lilikuwa ndani ya ile 128 yenyewe. Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 7, na joto halijui kuhesabu kwa vipeo vya 2.

Kilichotokea ni hiki. Saa niliihifadhi kama wengi wanavyofanya, yaani idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, idadi ambayo sasa imepita bilioni 1.6, na nikaiweka katika aina ya namba za desimali tunayoiita dabo (double). Kwenye kompyuta mpakato dabo ina biti 64. Kwenye Arduino Uno, ambayo prosesa yake ni ya ukoo wa AVR, dabo ina biti 32 tu. Ni floti (float), aina ndogo ya namba za desimali, iliyovaa jina la kaka yake, na kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, haikuonyi hata kidogo. Floti ina biti 1 ya alama, biti 8 za kipeo, na biti 23 za tarakimu, pamoja na biti moja isiyoandikwa kwa sababu inajulikana kuwa ni 1. Kwa hiyo kati ya 1,073,741,824 na 2,147,483,648, eneo ambalo sekunde zetu zimo, floti ina nafasi 8,388,608 tu za kukaa. Gawanya, utapata kwamba kutoka nafasi moja hadi inayofuata kuna hatua ya 128. Saa yetu haikuwa mbovu. Ilikuwa inapelekwa kwenye nafasi iliyo karibu, kama abiria anayeshushwa stesheni kwa kuwa treni haisimami kijijini kwake.

Mtaona kwamba usawa wa maji, uliohifadhiwa kwa floti ileile kwenye kadi ileile, haukuwa na kasoro yoyote. Ziwa liko zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari, na katika eneo la kati ya 512 na 1,024 hatua ya floti ni kama sehemu sita za mia za milimita, udogo ambao hata wimbi la mtumbwi unaopita huuzidi mara nyingi sana. Aina moja ya namba ilikuwa inatosha na kubaki kwa kipimo kimoja, na haifai hata kidogo kwa kingine.

Ndiyo maana mwanagenzi anaponiuliza namba kubwa kuliko zote ambayo mashine inaweza kubeba ni ipi, humjibu haraka na kumtoa hapo. Floti hufika takriban 3.4 × 10³⁸, na dabo ya biti 64 hufika takriban 1.8 × 10³⁰⁸. Ukizidi hapo unapewa alama ya isiyo na mwisho. Katika kazi zetu za mizani, maji, ramani na fedha ni nadra sana kugonga ukuta huo. Kinachotuumiza ni umbali kati ya namba moja na jirani yake, na umbali huo hukua kadiri namba inavyokua, kwa kuongezeka maradufu kila unapovuka kipeo cha 2.

Hebu tulichukue ziwa lenyewe. Ujazo wa Ziwa Tanganyika hutajwa kuwa kama kilomita za ujazo 18,900. Kwa lita, hizo ni 18,900,000,000,000,000. Dabo huhesabu namba nzima bila kuruka hata moja mpaka 9,007,199,254,740,992, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 53, na ziwa letu limeshaipita alama hiyo zaidi ya maradufu. Hapo lilipo, hatua ni lita 4. Andikeni programu fupi inayomimina lita moja katika jumla hiyo, mkarudia mara milioni moja. Ziwa halitaongezeka hata tone, kwa sababu kila lita inayoingia inakuta haina nafasi na jumla inarudishwa palepale. Mimineni lita milioni kwa mkupuo mmoja, zote zitahesabiwa. Mimineni kwa ndoo ya lita 20, zote zitahesabiwa pia, kwa kuwa 20 inagawanyika kwa 4. Mkirudia jaribio hilo kwa floti, hatua inakuwa lita 2,147,483,648, na hapo hata boza la maji halionekani. Nimewaonyesha wanafunzi wengi jaribio hili na karibu wote hudhani kwanza kwamba kitanzi cha programu hakikuzunguka.

Mfano wa pili uko njiani. Kigoma iko karibu na longitudo 29.6 mashariki na Tabora karibu na 32.8, kwa hiyo treni inayotoka Kigoma huvuka nyuzi 32 kabla haijaingia Tabora mjini. Ukihifadhi majira ya GPS, yaani namba za longitudo na latitudo, kwa floti, upande wa Kigoma hatua ya longitudo ni kama sentimita 21, na ukishavuka nyuzi 32 inakuwa kama sentimita 42. Hakuna alama yoyote porini inayokuambia kwamba usahihi wako umepungua nusu. Kwa mrina asali anayetaka kujua mzinga wake uko mti gani katika miombo ya Sikonge, sentimita 42 hazina neno. Kwa bikoni ya kiwanja chenye ugomvi wa mpaka, ni kesi barazani. Tumieni dabo ya biti 64 kwa majira, na mhakikishe kuwa ni ya biti 64 kweli.

Neno hilo la kuhakikisha linahitaji historia kidogo. Zamani kila mtengenezaji wa kompyuta alikuwa na floti yake. Mashine za IBM za System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, zilitumia kizio cha 16 badala ya 2, na zikafika takriban 7.2 × 10⁷⁵. Dabo ya kawaida ya mashine za VAX iliishia karibu 1.7 × 10³⁸, kwa hiyo hesabu iliyopita salama kwenye mashine moja ilianguka kwenye nyingine. Mwaka 1985 kilitoka kiwango cha namba za desimali kiitwacho IEEE 754, kazi ambayo William Kahan wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley aliisimamia kwa kiasi kikubwa na iliyompatia Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 1989. Kiwango hicho ndicho kilichofanya floti na dabo zifanane karibu kila mahali, kuanzia simu mliyoishika hadi seva iliyo ng'ambo. Hata hivyo hakikufunga milango yote, na mianya iliyobaki ndiyo wanaoanza huangukia.

Mwanya wa kwanza ni majina. Lugha ya C hailazimishi dabo kuwa ya biti 64, na kompaila ya AVR huifanya ndogo zaidi, kama ilivyonipata gatini. Vilevile DBL_MIN ya C ni namba ndogo kuliko zote zenye usahihi kamili, takriban 2.2 × 10⁻³⁰⁸, ilhali Double.MIN_VALUE ya Java ni 4.9 × 10⁻³²⁴, ndogo kuliko zote zinazowezekana, zikiwemo zile dhaifu zilizoanza kupoteza tarakimu karibu na sifuri. Majina yanafanana kama mapacha na thamani haziko hata kijiji kimoja. Tena zote mbili ni chanya. Anayeanza kutafuta kipimo kikubwa kuliko vyote katika orodha ya halijoto za baridi kali kwa kuweka thamani ya mwanzo kuwa DBL_MIN atapata jibu la uongo.

Mwanya wa pili ni dabo ndefu (long double), aina iliyokusudiwa kubeba tarakimu nyingi kuliko dabo, na huu nauogopa kuliko yote. Kwenye Linux yenye prosesa za Intel au AMD za biti 64, dabo ndefu hubeba biti 64 za tarakimu. Kwenye Linux ya ARM ya biti 64 hubeba 113. Kwenye kompaila ya Microsoft ni sawa na dabo ya kawaida. Hatari ni kwamba katika zile Linux mbili zote huchukua baiti 16 kwenye kumbukumbu, kwa hiyo ukiandika faili la baiti ghafi kwenye kompyuta ya ofisini na kulisoma kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ya biti 64, inayotumia prosesa ya ARM, ukubwa wa faili utalingana, programu haitalalamika, na namba zitakazotoka zitakuwa takataka tupu. Faili linalosafiri kati ya mashine liandikeni kwa maandishi, tarakimu 17 kwa dabo na 9 kwa floti. Kwa idadi hiyo namba hurudi ileile ilivyotoka, biti kwa biti.

Mwanya wa tatu ni njia ambayo hesabu hupitia. Prosesa za Intel za biti 32 zilirithi kutoka chipu ya 8087 ya mwaka 1980 rejista (nafasi za kuwekea namba ndani ya prosesa yenyewe) za biti 80, hivyo namba ikiwa rejistani ilikuwa na usahihi zaidi kuliko ikishawekwa kwenye kumbukumbu. Mtu aliongeza mstari wa kuchapisha ili atafute kosa, na kosa likatoweka, kwa sababu kuchapisha kuliilazimisha namba itoke rejistani na kukatwa. Mashine za leo zimeachana na hilo kwa sehemu kubwa, lakini nyingi zina amri moja inayozidisha na kujumlisha kwa pamoja, ikikadiria mara moja badala ya mara mbili, na baadhi ya kompaila huitumia kwenye ARM bila kuombwa. Aidha, kiwango kinadai usahihi kamili kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili, ila hakiilazimishi sine au logi. Tarakimu ya mwisho ikitofautiana kati ya simu na seva, basi, msianze kumtuhumu mwenzenu aliyeandika upande wa pili. Wala msilinganishe desimali mbili kwa alama ya sawasawa; linganisheni tofauti yao na ukubwa wao, kwa kuwa uvumilivu wa 0.000001 ni mkubwa mno kwa namba ndogo sana, na kwa lita za ziwa hauna maana yoyote.

Kuhusu fedha nitasema kidogo: shilingi ni namba nzima, zihesabuni kama namba nzima. Jumla ya malipo ya AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao, ya tumbaku iliyowekwa kwenye floti ikifika 16,777,216, shilingi mojamoja haziingii tena.

Jambo la namba za utambulisho linastahili maneno zaidi, kwa kuwa nimeliona likiwatoa watu machozi. Kikundi kimoja kiliniletea orodha ya wanachama iliyofunguliwa kwenye programu ya jedwali, na namba zote za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, zilikuwa zimeishia na sifuri tano. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Jedwali liliiona kama desimali, likabaki na tarakimu 15 za mwanzo, na zilizobaki zikawa sifuri. Aliyekuwa na zamu alibonyeza kuhifadhi, na zile tarakimu hazikurudi. Ilibidi watu waitwe upya na vitambulisho vyao, wengine wakivuka ziwa kwa boti kutoka vijiji vya mwambao. Namba ambayo hutaijumlisha wala kuizidisha na kitu si namba, ni maandishi, na safu yake iwekeni kuwa maandishi kabla faili halijafunguliwa.

Siku hizi, kabla sijaandika chochote kwa ubao nisioufahamu, huupa programu ya mistari kumi inayochapisha ukubwa wa floti, dabo na dabo ndefu kwa baiti, idadi ya biti za tarakimu za kila moja, na hatua ya kwenda kwa jirani kwenye thamani kubwa kuliko zote ninayotarajia kupima. Huiendesha kwenye ubao wenyewe, kamwe si kwenye kompyuta mpakato. Ingenichukua dakika tano kule gatini.

Kihisi chetu kilipona kwa kubadilisha neno moja: saa sasa ni namba nzima ya biti 32 isiyo na alama ya hasi, ambayo itajaa mwaka 2106. Mwaka huo nimeuandika juu kabisa ya programu, kwa ajili ya yeyote atakayekuwa anashika funguo za kibanda.