Kwa mnaoanza kuchora Triceratops: hiyo si miguu yake

Wadogo zangu,

Nimemaliza kupitia rasimu za kundi jipya, na kwa mara nyingine Triceratops, yule dinosaria wa pembe tatu, wamekuja na miguu ya tembo, ngozi ya kifaru na nyasi zinazowafika magotini. Mkono mnao, hilo sina shaka nalo. Mistari imetulia, vivuli vimekaa mahali pake, na yule aliyechora tope lililokaukia pembeni mwa jicho amenifurahisha kweli. Lakini makosa mnayofanya yana umri mkubwa kuliko babu zenu, na chanzo chake ni kimoja: mnachora picha ya mtu aliyechora picha ya mtu mwingine. Kwenye faili zenu za marejeo nimekuta michoro tele, mfupa hata mmoja hakuna.

1. Mchoro wa mifupa uwe lea (tabaka la mchoro) ya chini kabisa, na usifutwe mpaka kazi imeshafika kwa mteja.

Hata wenye mifupa mkononi walipotea, sembuse asiyeitazama. Mwaka 1887 Othniel Charles Marsh, mtaalamu wa wanyama wa kale, aliletewa pembe mbili zilizopatikana karibu na Denver, Colorado, Marekani, akaamua ni za nyati mkubwa wa kale, akampa jina Bison alticornis. Mwaka 1889, mafuvu yalipoanza kutoka Wyoming, ndipo akamtangaza Triceratops, na yule nyati wa Denver akakosa pa kusimama. Kule London, sanamu za Crystal Palace za mwaka 1854 zilimvika Iguanodon, dinosaria mwingine, pembe puani. Mifupa kamili ilipofukuliwa Bernissart, Ubelgiji, kuanzia 1878, ikadhihirika kwamba ile pembe ni mwiba wa kidole gumba. Wale walikuwa na vipande tu. Ninyi mna mafuvu mazima yaliyopigwa picha kila upande, kwa hiyo kisingizio hamna.

2. Miguu.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panaponiuma.

Kati ya 1889 na 1892, John Bell Hatcher, aliyekuwa akimkusanyia Marsh, alifukua Wyoming mafuvu zaidi ya 30 ya dinosaria wenye pembe. Mafuvu yalikuwa ndiyo mali. Fuvu la Triceratops mzima linapita mita 2, mfupa wake ni mnene, haupotei kirahisi. Vidole ni habari nyingine. Ni vifupa vidogo, mto unavibeba kabla tope halijavifunika, na mtu aliyetumwa kutafuta mafuvu hapotezi siku akichekecha mchanga kwa ajili ya kidole. Kwa hiyo mwaka 1905, Charles Gilmore alipoisimamisha Washington mifupa ya kwanza ya Triceratops kuonyeshwa popote duniani, hakuwa na mnyama mmoja aliyekamilika. Aliunganisha mifupa ya wanyama wengi wa ukubwa tofauti. Kichwa kikawa kidogo kuliko mwili. Mikono, yaani miguu ya mbele, ikawa hailingani. Na nyayo za nyuma hazikuwa za Triceratops kabisa: zilikuwa za dinosaria mwenye mdomo wa bata.

Gilmore simlaumu, alikuwa fundi makini na alitumia alichokuwa nacho. Ila fikirini maana yake kwa kazi yetu. Mifupa ile ilisimama mbele ya watu kwa zaidi ya miaka 90. Wachoraji walikaa chini yake na madaftari, wakapima, wakanakili kwa uaminifu. Walifanya kile kile ninachowaambia mfanye, na bado wakarudi nyumbani na nyayo za mnyama mwingine. Mchoraji wa kitabu cha watoto akachukua kwao, mtengeneza sanamu za plastiki akachukua kitabuni, na asiyejua amchore vipi akachungulia sanamu. Mwaka 1998 ile mifupa ikashushwa kwa sababu ilikuwa inaoza kwa ndani. Ikapigwa skani, kompyuta ikarekebisha vipimo, na mwaka 2001 ikasimamishwa nakala mpya yenye kichwa kilichokuzwa na nyayo zake halali. Lakini hakuna aliyezishusha picha zilizozaliwa na ile ya zamani. Ndizo mlizopakua juzi.

Sasa shikeni hili. Mkono wa Triceratops una vidole vitano. Vitatu vya ndani vina kwato na ndivyo vinavyobeba uzito. Viwili vya nje ni vidogo na havina kwato. Vidole hivyo havitazami mbele moja kwa moja, vimegeukia nje. Simama, weka viganja mezani, geuza ncha za vidole zielekee nje, legeza viwiko kidogo, halafu egemea. Huo mkazo unaousikia kwenye kifundo ndio unaotakiwa kuonekana kwenye mchoro. Nyuma kuna vidole vinne, vimetanuka, kila kimoja na kwato yake. Tembo amefunga vidole vyake ndani ya nguzo ya nyama, huyu hakuvifunga.

Na viwiko msivichezee. Zamani walimtandaza kama mjusi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, wataalamu John Ostrom na Robert Bakker walipowafufua dinosaria wote kuwa wanyama wepesi wenye damu inayochemka, akachorwa akienda shoti, miguu wima kama ya farasi. Mikono yenyewe inasema yuko katikati: iko chini ya mwili, viwiko vimekunjika.

3. Pembe unayoiona makumbusho si pembe nzima.

Ule ni mfupa wa ndani tu. Juu yake palikuwa na ala ya keratini, kitu kile kile cha kucha zetu, na ala hurefusha pembe na kuichongoa. Aliyewahi kuona pembe ya ng'ombe ikivuliwa baada ya kuchemshwa machinjioni anajua kinachobaki: kijiti kifupi chenye vitundu, hakina uhusiano na ile pembe aliyoiona malishoni. Mdomo nao ni hivyo hivyo, mfupa umevaa keratini. Msichore ala mpya inayong'aa, tafadhali. Pembe hutumika. Mwaka 2009 Andrew Farke na wenzake walilinganisha majeraha kwenye mafuvu wakakuta ngao ya shingo ya Triceratops ina makovu yanayoendana na kupigana pembe kwa pembe wao kwa wao. Mpe mnyama wako mikwaruzo, na mmoja wenu anipe ncha iliyovunjika.

4. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa.

Triceratops mchanga pembe zake zilipinda kuelekea nyuma, akikua zikanyooka, na mwisho zikaelekea mbele. Jack Horner na Mark Goodwin walilionyesha hili mwaka 2006, someni.

5. Rangi na ngozi.

Frankfurt, kwenye makumbusho ya Senckenberg, kuna Psittacosaurus aliyetoka Liaoning, China. Ni binamu mdogo wa hawa wenye pembe, wa zamani zaidi, na amelala na ngozi yake. Juu ya mkia ana safu ya nywele ngumu, ndefu, zimesimama kama miba, jambo ambalo hakuna mchoraji angethubutu kulibuni kabla halijachapishwa mwaka 2002. Mwaka 2016 Jakob Vinther na wenzake wakasoma mabaki ya rangi kwenye ngozi hiyo: mgongo wa rangi iliyokolea, tumbo la rangi hafifu zaidi, mpangilio unaomfaa mnyama wa msituni. Huyu atazameni mpaka mkariri. Kisha msiende kumbandikia Triceratops zile nywele kwa sababu tu zinapendeza. Ngozi yake iliyopatikana ina magamba makubwa yenye kingo nyingi.

6. Mahali na wakati.

Nyika za nyasi zilienea mamilioni ya miaka baada ya Triceratops kutoweka. Ondoeni Serengeti kwenye mandhari yake, wekeni kangaga, misonobari na miti ya majani mapana.

Na kuna aliyemweka Tendaguru, Lindi, kule ilikofukuliwa mifupa ya dinosaria. Naelewa moyo wake; kila mmoja wetu anatamani mnyama huyu angekuwa wa nyumbani. Lakini Triceratops amepatikana Amerika Kaskazini tu, aliishi mwishoni kabisa, kati ya miaka milioni 68 na 66 iliyopita, wakati miamba ya Tendaguru ina takriban milioni 150. Yuko karibu zaidi na sisi kuliko na wanyama wa Tendaguru.

Anayetaka miiba ya nyumbani amchore dinosaria Kentrosaurus, aliyefukuliwa pale pale Lindi kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin. Ana vibao mgongoni kwa mbele, miiba kwa nyuma hadi mkiani, na mwiba mmoja mrefu kila ubavu. Huo wa ubavuni waliomuunga Berlin waliuweka nyonga. Ndugu zake wa China wanao begani, na wengi leo wanafuata bega. Rasimu za Kentrosaurus nitazipokea kwa mikono miwili, ila kila mmoja aandike chini ya mchoro ameuweka wapi na ametegemea mfupa gani.