Msafara ukipita, simu na rimoti hukatika

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Nina duka karibu na Mama Ngina, Mombasa. Kuna siku msafara wa wakubwa ukipita, simu zote dukani hupoteza mtandao na rimoti ya gari langu hugoma, kisha muda si muda kila kitu hurudi. Je, mtambo mmoja waweza kuzima vyote hivyo? Na vile vidogo vya mfukoni vinavyouzwa mtandaoni vyafanya kazi hiyo? – Msomaji, Kizingo

JAWABU: Waleikum salaam. Hizo ni dalili za kivuruga mawimbi, mtambo unaorusha kelele za redio, cha kujikinga na mabomu yanayolipuliwa kwa redio. Wanaolinda msafara hawajui mapema adui atatumia masafa gani, kwa hivyo hulazimika kufunika eneo pana. Rimoti za magari yaliyotoka Japani mara nyingi zipo karibu na megahezi (kipimo cha masafa ya redio) 315, za Ulaya 433.92, simu zaanzia kama 800 hadi 2,600, na Wi-Fi 2,400 na 5,000. Ndiyo maana rimoti yako huenda na maji pamoja na simu, ingawa haihusiki na lolote.

Upana huo una gharama, na hapo ndipo matangazo ya mtandaoni yanapodanganya. Chukua wati 100. Ukizikusanya ndani ya megahezi 10, kila megahezi yapata wati 10. Ukizitandaza juu ya megahezi 2,000, kila moja yabaki na wati 0.05, yaani mara 200 chini. Mahali peupe, umbali wa kufunika hupungua kama mara 14. Kifaa cha wati 1 au 2 kinachodai kufunika kila kitu hakina cha kugawa.

Antena nayo ina ukaidi wake. Urefu unaoifaa ni kama robo ya wimbi, na hiyo kwa mita ni 75 gawanya kwa megahezi: megahezi 27 hutaka mita 2.8, 433 sentimita 17, na 2,400 sentimita 3 tu. Fimbo moja haiwezi kuhudumia zote vizuri, ndiyo sababu mitambo ya kweli hugawanywa bendi kwa bendi (vipande vya masafa), kila bendi na amplifaya (kikuza nguvu) na antena yake. Antena isiyolingana hurudisha nguvu kwenye amplifaya, ikaunguza transista zake, au amplifaya ikajizima yenyewe.

Kisha joto. Amplifaya ya masafa mapana mara nyingi hutoa kama robo tu ya umeme inaokula. Kwa wati 100 angani, inakula 400, na 300 zinabaki kuwa joto ndani ya gari. Kwa volti 12 hiyo ni ampea 33 kwa bendi moja, na bendi zikiwa kadhaa altaneta (jenereta ya gari) ya kawaida hailipi deni hilo. Ongeza jua la Mombasa na hewa ya chumvi inayokula viungio vya antena. Hilo si jambo la mfukoni. Zaidi ya hayo, nchini Kenya kutumia kifaa cha redio bila leseni ni kosa, na ukivuruga simu za mtaa mzima umezivuruga pia za dharura.

SWALI: Yangu haina msafara. Rimoti hugoma kila jioni nyumbani, ila mjini hufanya kazi. – Msomaji, Bombolulu

JAWABU: Kinachokaa mahali pamoja si msafara, ni jirani au ni wewe mwenyewe. Anza na betri, aghalabu CR2032: mpya husoma volti 3 na kidogo, chini ya 2.7 badilisha. Futa vidole vya betri kwa spiriti ukiona kutu ya kijani. Kisha sogeza gari mita 30 na ujaribu tena. Ikifanya kazi huko, kuna kelele za redio nyumbani.

Zima swichi kuu ya umeme. Rimoti ikifanya kazi, rudisha vikatizi vya umeme kimoja kimoja hadi umpate mkosaji: mara nyingi ni taa ya LED au chaja ya bei rahisi, na jioni ndiyo saa yao. Redio ya AM huinasa hiyo ukiisogeza karibu na taa. Haitakuonyesha rimoti ya geti iliyokwama kitufe au kengele isiyo na waya, maana hizo hazitoi kelele katika AM. Hizo chomoa betri moja baada ya nyingine. Taa mbovu badilisha. Kuzungusha waya wake mara 3 hadi 5 kwenye pete ya feraiti (pete nyeusi ya kuzuia kelele za redio) hupunguza, hakumalizi.

Kama chanzo kipo kwa jirani na hakubali, andika tarehe, saa na mahali, kisha peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Wakati huo huo, funga kwa ufunguo wa chuma na uvute mpini wa kila mlango kwa mkono, maana wezi nao huzuia rimoti isifunge ili gari libaki wazi.