Boneti ya pikapu ya zamani: anza na loki na waya, kufuli baadaye

Ukiwa na pikapu ya zamani utapewa ushauri mwingi sana wa milango na usukani, weka king'ora, ficha swichi ya kukata umeme wa injini isiwake, na yote hayo ni sawa, lakini boneti watu wanaisahau kabisa. Na mwizi wa spea wala hahitaji kuwasha gari yako, yeye anataka dakika chache tu chini ya boneti anaondoka na betri, altaneta, stata, kabureta, na wakati mwingine anang'oa boneti yenyewe, maana boneti nzima ya modeli ya zamani isiyo na kutu ni ngumu kupatikana na wapo watu wananunua bila kuuliza imetoka wapi.

Mimi pikapu yangu waliifungua usiku wakachukua betri, na walivyoikata zile waya za betri kwa haraka wakaharibu mpaka fyuzi na waya wa altaneta, kwa hiyo gharama ya kurudisha ule mfumo ilizidi betri yenyewe. Milango ilikuwa imefungwa vizuri na vioo vizima. Nilipokaa chini ya bampa na tochi kuangalia walipitia wapi ndo nikaelewa: waya wa kufungulia boneti unatoka kwenye dashibodi, unapita pembeni ya injini, afu kile kipande cha mwisho kabla ya loki kiko wazi kabisa nyuma ya grili, mtu akiingiza mkono kwa chini au waya wenye ndoano kupitia grili anauvuta na boneti inafunguka kama vile amekaa ndani kwenye siti.

Hiyo ndo njia ya kwanza. Ya pili ni kile kioo kidogo cha pembetatu cha mlangoni ambacho pikapu nyingi za zamani zinacho, kitasa chake ni dhaifu, kikisukumwa mkono unaingia ndani na kufikia kishikio cha boneti. Ya tatu haihitaji ujanja wowote, kuna pikapu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ambazo boneti yake inafunguliwa kwa nje tu, kwa kishikio kilicho mbele kwenye grili au kwa vibanio vya pembeni kama vya Jeep na Land Cruiser za zamani zile, hapo huna loki, una kibanio cha kuzuia boneti isiruke na upepo basi.

Sasa watu wengi wakishaibiwa wanakimbilia kununua kufuli kubwa. Ngoja kwanza. Kabla hujatoboa kitu, hakikisha loki uliyonayo inafanya kazi yake, maana gari ya miaka mingi loki yake imejaa vumbi na grisi iliyoganda, springi imelegea, waya umevutika, unafunga boneti unasikia mlio unadhani imefunga kumbe imeshika nusu. Safisha loki yote kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, weka grisi mpya, dondosha oili kwenye waya mpaka iingie ndani ya ganda lake. Halafu boneti ikiwa wazi sukuma ulimi wa loki kwa bisibisi ujifunge wenyewe, uangalie kama unashika mpaka mwisho na kama ukivuta kishikio unaachia na kurudi bila kubembelezwa. Ulimi usiporudi wenyewe, badilisha springi au waya, usiseme utaendelea nayo tu.

Kingine ni zile raba za pembeni ambazo boneti inakalia. Hizi nyingi zinapanda na kushuka kwa kuzungushwa, zikiisha boneti inacheza na inaacha uwazi wa kutosha kuingiza mtaimbo. Weka mpya, zipandishe kidogo kidogo mpaka boneti ifunge kwa kukaza lakini isilazimishwe, na ile pini au kitanzi kinachoingia kwenye loki ukirekebishe kikae katikati, sio kinagonga upande mmoja. Boneti iliyokaa vizuri haitikisiki ukiisukuma kwa kiganja, na kuipekenyua kwa nje kunachukua muda na kunapiga kelele, vitu viwili ambavyo mwizi havitaki.

Baada ya hapo ziba njia ya waya, na kwa maoni yangu hii ndo kazi yenye faida kuliko zote kwenye makala hii yote. Kile kipande cha waya kilicho wazi kipitishe ndani ya bomba jembamba la chuma au fleksibo ya chuma (bomba linalopindika), ulifunge kwa klempu za bolti na sio za plastiki. Kisha kata kipande cha chuma bapa chenye unene wa milimita 3 hivi, kikunje kifunike loki na ule mkono mdogo unaovutwa na waya, ukifunge kwenye ile paneli inayoshika redieta. Acha nafasi ya mkono kucheza bila kugusa chuma, jaribu kufungua na kufunga mara nyingi kabla hujashusha boneti kwa mara ya kwanza, kwa sababu ikikwama na boneti imefungwa utateseka sana. Na usikifanye kikubwa kikaziba hewa ya redieta, gari ya zamani haipendi joto.

Ndani nako, kuna vishikio vya kufungulia boneti vyenye funguo yake, unatoa cha zamani unaweka hicho. Ukikosa, hamisha kishikio mahali ambapo mkono ulioingia kupitia kioo cha pembetatu haufiki.

Hapo ndo sasa tuje kwenye kufuli za kuongezea. Ninayoipenda mimi ni ile loki ya pili inayojitegemea, ina pini nene ya chuma kwenye boneti, inaingia kwenye kikombe chake chini, na inaendeshwa na waya wenye ganda la chuma mpaka kwenye silinda ya funguo ndani ya gari. Kwa nje haionekani kitu, na mwizi akishavuta waya wa kwanza boneti inainuka kidogo inagoma, hajui kinachoizuia kiko wapi. Zipo pia pini za boneti zenye kufuli zinazokaa juu, mbili, moja kila kona, hizo nazo ni nzuri na zinamkatisha tamaa mtu kabla hajaanza, ila utatoboa boneti. Angalia usinunue zile pini za magari ya mashindano zisizo na funguo, zile zimetengenezwa ili yeyote afungue haraka, hazizuii mwizi hata kidogo.

Mnyororo na kufuli kupitia kwenye grili unafanya kazi, sitamcheka mtu anayeutumia, hasa kwa pikapu yenye kufunguliwa kwa nje. Lakini mnyororo wa kawaida wa milimita 6 unakatwa na mkasi wa vyuma kwa pumzi moja, tafuta wa chuma kilichokomazwa, wa milimita 10 au zaidi, na kufuli ambayo upinde wake umefichwa na mabega ya kufuli yenyewe. Uvishe mpira wa hozi usikwaruze rangi, uwe mfupi usifikie feni wala kugonga redieta, na muhimu kuliko vyote usiufunge kwenye grili, grili ni urembo tu, ufunge kwenye kitu kilichoungana na chasisi.

Hapo ndo linakuja suala la kutu, na kwa gari ya zamani siwezi kuliruka. Kufuli ya chuma kigumu ukiifunga kwenye bati lililooza haitavunjwa, itang'olewa na kipande cha bati kikiwa kimening'inia. Ile paneli inayoshika redieta ndo inaoza mapema kwa sababu maji na tope vinakaa pale, kwa hiyo igonge kwa bisibisi sehemu unayotaka kufunga, ikitoa mlio mzito na unga wa kutu, ikarabati kwanza. Boneti nayo ni tabaka mbili, bati la nje jembamba na fremu ya ndani, toboa kwenye fremu, weka kipande cha chuma upande wa pili kama wosha kubwa ili nguvu isambae. Kabla ya kutoboa toa waya wa betri wa hasi, simamisha kipande cha mbao mbele ya redieta ili drili ikipenya isiingie humo, na kila tundu lipake praima na rangi siku hiyohiyo, usiseme kesho.

Bolti za kufungia hivi vitu zisiwe za kufunguka kwa spana ya kila mtu. Tumia zenye kichwa cha duara laini kwa nje na nati ikae ndani, au zile ambazo kichwa kinakatika ukishakaza. Kama una bolti za eleni, zile zenye tundu la pembe sita kichwani, kuna ufundi wa kugongea gololi ndogo ya beringi ndani ya tundu lake, spana haiingii tena. Bolti za bawaba za boneti pia zifanyie hivyo moja moja kila upande kama unaogopa boneti yenyewe kuibiwa. Kuchomelea bawaba sikushauri, siku injini inahitaji kutoka utaikata kwa grinda.

Betri iwe na kibano chake kizima, cha chuma, na nati moja ngumu kufungua. Betri isiyo na kibano inainuliwa tu, na hata bila mwizi inaruka kwenye mashimo na inaweza kugusa boneti ikapiga shoti. Kwenye betri, boneti na altaneta andika namba ya usajili kwa kalamu ya kuchorea chuma, kitu chenye alama kinauzika kwa shida.

Ukiegesha, pua iangalie ukuta na iukaribie, boneti nyingi zinafunguka kwa mbele na mtu anahitaji kusimama pale.

Jambo la mwisho naliandika kwa uzito kwa sababu linahusu maisha. Moto wa injini kwenye gari ya zamani yenye mipira ya petroli iliyochoka unatokea, na ukiwa umefunga boneti kwa loki tatu zenye funguo tatu tofauti zilizoachwa nyumbani hutaweza kufikia kitu. Funguo za boneti zote zikae kwenye pete moja na funguo ya gari, anayeendesha ajue zinavyofunguliwa gizani, na fundi unayemwachia gari umwonyeshe. Ukiona moshi usiinue boneti yote mara moja, hewa inauongezea moto nguvu, zima gari, achia loki tu uingize mdomo wa kizimamoto kwenye ule mwanya, na ukiona umeshakuwa mkubwa kaa mbali. Pia waya ukikatika lazima uwe na njia ya pili: funga waya mwembamba wa chuma kwenye mkono wa loki, uupitishe juu ya gurudumu au chini ya chasisi mpaka mahali pa siri ambapo unafikiwa kwa kulala chini tu na mtu anayejua, na loki ya kuongezea nayo iwe na waya wake wa siri. Nami nauvuta kila ninapokagua oili ili nijue bado unafanya kazi.