Usikubali kuwa mtu pekee mwenye nywila

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hizi startapu, nianze na msiba. Bibi alifariki, tukasafiri usiku kwenda Korogwe kumzika. Asubuhi wenzangu wanachimba kaburi, mimi niko nyuma ya turubai, laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nahangaika na mtandao. Malipo ya wateja yalikuwa yamekwama. Kwenye grupu la kazi bosi alikuwa ameandika: "Pole sana ndugu yetu, Mungu akutie nguvu. Samahani, nywila ya seva ya malipo ni ipi?" Ujumbe mmoja huo.

Mjomba alipita na sepetu begani, akasimama. "Mjomba, kwani hao hawajui umefiwa?"

Walikuwa wanajua.

Nilimlaumu bosi muda mrefu. Siku hizi nusu ya lawama naibeba mwenyewe. Miaka miwili nilikuwa peke yangu ninayeujua ule mfumo wa malipo, na nilijisikia fahari. Nikiambiwa "bila wewe tumekwisha", nalala usingizi mtamu. Kampuni changa ina watu sita, kila mmoja ana lake analolijua peke yake, basi hakuna anayeweza kuumwa, kufiwa wala kuoa kwa amani. Nafasi ya kufundishana haipatikani maana kutwa mnazima moto, na moto hauishi maana hamfundishani.

Uchovu wenyewe wa kazi, ule wanaouita "burnout", ulinipita machoni kwa sababu nilikuwa nausubiri mwilini. Shirika la Afya Duniani, lilipouweka kwenye orodha yake mwaka 2019 kama tatizo la kazini na si ugonjwa, lilitaja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kuona huiwezi tena. Mimi nilianza na la pili. Mama mmoja muuza samaki wa Feri alipiga kuulizia elfu kumi na nane yake, nikamjibu kama vile yeye ndiye kaiba. Akanyamaza kidogo. "Basi baba, samahani." Nikakata simu, nikaendelea na chipsi zangu.

Halafu cheo, kisomeni vizuri kwenye mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, zilipwe mara moja na nusu. Ila vifungu hivyo havimhusu anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mimi nilipoitwa "Mkuu wa Mifumo", mshahara ule ule, nilituma barua hadi kwenye grupu la ukoo. Niliyekuwa namsimamia ni mwanafunzi mmoja wa fildi.

Niliporudi kutoka Korogwe niliandika kurasa nne: seva ikizima anza hapa, malipo yakikwama mpigie fulani, pesa ya mteja inarudishwa hivi. Nikamkalisha yule mwanafunzi kwenye kiti changu, mimi nimesimama nyuma yake, mikono mfukoni nisije nikamnyang'anya kipanya. Zilitumika Jumamosi mbili. Ndipo nikaomba likizo, zile siku 28 za kisheria ambazo sikuwahi kuzigusa.

Siku ya tisa mfumo ulizima. Nilikuja kusikia niliporudi: walihangaika saa nzima, mteja mmoja akarudishiwa pesa mara mbili, wakauwasha. Hakuna aliyenipigia. Iliniuma kidogo, nakiri.