Kipa wa miaka 31, kidole kilicholala na sindano ya kabla ya mechi

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni kipa, nina miaka 31, nadaka ligi ya mkoa hapa Mwanza. Kama wiki mbili nyuma nilipangua shuti mpira ukanigonga ncha ya kidole cha pete, toka siku hiyo ncha imeinama, nikijaribu kuinyoosha hainyooki. Kuna mzee anakanda viungo huku Igoma anasema kimetenguka, atakivuta kirudi. Halafu bega la kulia linauma ila kwenye timu kuna jamaa anatuchoma sindano kabla ya mechi, unacheza vizuri tu. Ndoto yangu nidake mpaka 40 na kitu kama El Hadary, yule kipa wa Misri, baadaye niwe kocha wa makipa. Nifanyeje mwili ufike huko?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na kidole maana hicho hakisubiri.

Usikipeleke kwa huyo mzee. Ulivyoeleza, uwezekano mkubwa ile kano inayonyoosha ncha ya kidole imekatika, au imeng'oka na kipande cha mfupa. Hapo hakuna kitu cha kurudisha mahali pake, akivuta anazidi kuchana. Kesho asubuhi nenda Sekou Toure au Bugando upigwe eksirei. Kama mfupa haujaharibika sana watakuwekea kibanzi cha kushikilia ncha inyooke, na hapo ndipo makipa wengi wanapoharibu, kwa sababu kibanzi kinakaa wiki 6 mpaka 8 usiku na mchana, unaoga nacho, unalala nacho, ncha ikiinama hata mara moja unaanza kuhesabu upya. Habari ya kukitoa jumamosi ili udake halafu jumapili unakirudisha, haipo. Wiki mbili bado hujachelewa. Na wengine mnaosoma hapa, kama ukifunga ngumi ncha ya kidole inabaki imesimama haikunji kabisa, hiyo ni kano ya upande wa kiganja, mara nyingi inataka upasuaji ndani ya siku chache, usikae nayo nyumbani.

Sasa sindano. Hili linanikera kuliko yote na nalikuta kila msimu. Wewe umeandika "unacheza vizuri tu" kana kwamba bega limepona. Halijapona, umelinyamazisha. Unaruka, unaangukia bega lile lile linalouma, dakika 90 husikii kitu, usiku hulali, mechi inayofuata unataka nyingine. Nyingi ya hizo sindano ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na mtu anaichoma saa tisa alasiri, jua kali, maji hajanywa ya kutosha, atoke jasho mechi nzima, hapo figo na tumbo vinabeba mzigo ambao hakuna aliyekwambia. Na kama ni steroidi, hizi za kupunguza uvimbe na si za kujaza misuli, ndio mbaya zaidi, ukirudia rudia sehemu moja inalegeza kano zenyewe, tena toka Januari 2022 sindano zote za steroidi za aina hiyo zimepigwa marufuku siku ya mashindano, mchezaji akipimwa akakutwa nayo bila kibali anafungiwa. Muulize huyo jamaa jina la dawa anayokuchoma. Nina hakika hujawahi kuuliza.

Kinachoniumiza ni hii imani kwamba makipa waliodumu walidumu kwa kuvumilia maumivu. Umemtaja El Hadary. Ni kweli, Kombe la Dunia 2018 alikuwa na miaka 45 na akaokoa penati ya Saudi Arabia. Buffon wa Italia kastaafu 2023 naye akiwa na 45. Dino Zoff alibeba kombe 1982 akiwa nahodha wa Italia na miaka 40, na ile mechi na Brazil dakika za mwisho kabisa mpira wa kichwa wa beki wao Oscar aliudaka pale mstarini akabaki nao, hakuutema. Tafuta hiyo video uangalie miguu yake kabla mpira haujapigwa. Hakuruka mbali, alikuwa ameshafika pale.

Goli lina mita 7.32, haliongezeki wala halipungui ukizeeka, kinachopungua ni hatua zako, kwa hiyo inabidi uanze mapema kuliko zamani. Kipa wa miaka 20 anafika kwa kuruka, kipa wa 35 anafika kwa hatua mbili alizopiga mpira ukiwa bado kwa winga. Miguu itulie kabla ya shuti. Ongea na mabeki wako, beki akisogea hatua moja wewe umeepuka daivu moja, na kila daivu unayoiepuka ni siku umeongezewa. Na ukianguka, mpira uguse chini kwanza, ufuate mkono, halafu ubavu na paja. Nahisi wewe unatanguliza kiwiko, makipa wengi waliokulia viwanja vya changarawe wanafanya hivyo, na pigo lote la kiwiko linapanda begani. Bega lipimwe, lipumzishwe, kisha ulirudishe taratibu kwa mazoezi ya nguvu chini ya mtu wa fiziotherapia.

Ukocha nao usiuone kama kiti cha kupumzikia. Anza na leseni D ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, kozi zinaandaliwa kupitia TFF, shirikisho letu la soka, fuatilia chama chako cha mkoa wakitangaza, na wakati huo omba kusaidia makipa wadogo mtaani kwako. Juma Kaseja amedaka Simba, Yanga, Kagera Sugar mpaka KMC, na alipohamia upande wa kufundisha alikuwa bado na kazi ya mikono na miguu, kwa sababu kocha wa makipa ndiye anayepiga mashuti, anayerusha krosi, anayepiga magoti kuonyesha, kila siku ya mazoezi. Bega ukilimaliza sasa hivi kwa sindano, utakuja kufundisha ukiwa umekaa kwenye ndoo.

Na hapa naongea na wote, hasa viongozi wa timu za mitaani kuanzia Buhongwa mpaka Ilemela. Kuna vijana wa miaka 15 na 16 wanachomwa sindano nyuma ya gari kwa ajili ya fainali ya ng'ombe. Anayewachoma si daktari wala nesi, hajui mtoto ana mzio gani, hajui kama ana vidonda vya tumbo, sindano moja anaipitisha kwa zaidi ya mtu mmoja, na kwa njia hiyo wanaambukizana homa ya ini na virusi vya ukimwi. Huyo si mtu wa timu, ni mtu wa kuripotiwa polisi. Mzazi, mtoto akirudi kutoka mechi ukaona alama ya sindano, muulize alichomwa nini na nani, na kama kichupa bado kipo kichukue uende nacho hospitali siku hiyo hiyo wakisome na wampime mtoto. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya ukimwi anazoweza kupewa, lakini lazima aanze ndani ya saa 72.